Namba za simu zinapopoteza sifuri kwenye Excel
Excel huichukulia namba ya simu kama hesabu, ndiyo maana 07 hubaki 7. Kabla ya kuandika chochote, bofya herufi iliyo juu ya safu wima ili kuichagua yote, bonyeza Ctrl na 1, chagua Text, kisha OK. Kwa namba moja mbili, kutanguliza alama ya ' kunatosha. Orodha ikiwa imeshaandikwa, Text hairudishi sifuri. Ichague safu, bonyeza tena Ctrl na 1, chagua Custom uandike sifuri kumi, nayo itaonekana.

Namba ya NIDA ni balaa zaidi: ina tarakimu 20, Excel hutunza 15 tu. Ikiandikwa bila vistari kwenye safu isiyowekwa Text, tano za mwisho hugeuka sifuri, na hapo hakuna dawa ila kuiandika upya kutoka kwenye kitambulisho.