Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kwenda Kula Kiitaliano New York

Ndugu wakija kunitembelea New York, hazipiti siku mbili kabla hawajaniuliza tutakwenda lini mtaa wa Little Italy kula chakula cha Waitaliano wenyewe. Siku hizi siwajibu mpaka na mimi niwaulize swali langu: Waitaliano wepi? Kuna chakula cha Italia, na kuna chakula cha wajukuu wa Waitaliano waliohamia Marekani. Aliyetamani kimoja akaletewa kingine hunyanyuka mezani akiamini ametapeliwa, kumbe hakutapeliwa.

Kati ya 1880 na 1924 waliingia Marekani Waitaliano zaidi ya milioni nne, wengi wao watu wa kusini: Napoli, Calabria, Sicilia. Kwao nyama ilikuwa kitu cha sikukuu. Huku mshahara wa kibarua uliweza kuinunua, na jikoni kukabadilika. Ndiyo asili ya sahani ya tambi iliyopandishwa madonge makubwa ya nyama, na ya kuku aliyeviringishwa kwenye chenga za mkate, akakaangwa, kisha akafunikwa nyanya na jibini. Ukimwandalia hiyo mtu wa Napoli atakuuliza ni chakula cha nchi gani. Lakini mimi siiti bandia. Chapati zetu za mafuta na matabaka asili yake ni Bara Hindi, na sijaona wa kunishawishi kwamba si chakula cha kwetu. Bandia ni ule mgahawa usio wa huku wala kule: mchuzi wa kopo, tambi zilizochemshwa tangu asubuhi, na bendera ya rangi tatu mlangoni. Basi amua kwanza unataka kipi, halafu ndipo utafute mahali.

Unapotafuta, usitegemee jina la mtaa. Little Italy ya Manhattan imebaki vipande vichache kandokando ya Mulberry Street, maana Chinatown, mtaa wa Wachina, ilikwisha kuvuka Canal Street kitambo. Takwimu za Idara ya Sensa za 2009 hazikuonyesha hata mkazi mmoja wa eneo lile aliyezaliwa Italia. Wanaokula pale jioni ni wapita njia ambao hawatarudi tena, na mwenye mgahawa analijua hilo. Ukiona mtu amesimama nje na menyu mkononi akikuvuta uingie, endelea na safari yako.

Kipimo ninachokiamini mimi ni maduka ya jirani. Tazama kama karibu na mgahawa kuna mwoka mikate, muuza jibini, bucha, na mtu anayetengeneza tambi mbichi. Maduka hayo hayawezi kuishi kwa watalii. Yanaishi kwa akina mama wanaojua ricotta, jibini laini mbichi, ya leo na ya juzi, na hao hao ndio wanaokaa kwenye meza za mgahawa siku ya Jumapili. Mpishi aliyezungukwa na watu kama hao hawezi kulegeza mkono. Hata Mulberry mabaki ya namna hiyo yapo: pale Grand Street, Di Palo's inauza jibini na vyakula vya Italia tangu miongo ya mwanzo ya karne ya ishirini, na Ferrara inauza vitamutamu tangu 1892.

Lakini ukiniuliza niende wapi, nitakwambia Arthur Avenue, mtaa wa Belmont kule Bronx. Pale pana soko la ndani alilolifungua Meya Fiorello La Guardia mwaka 1940 ili kuwatoa barabarani wachuuzi wa mikokoteni, na mpaka leo linauza nyama, mboga na jibini. Madonia wanaoka mikate tangu 1918. Borgatti's wanakata ravioli, tambi za vifuko vilivyojazwa, tangu 1935. Toka stesheni ya Grand Central kwa treni ya Metro-North hadi Fordham, ni kama dakika ishirini, kisha tembea kidogo. Utakuta majirani wengi sasa ni Waalbania na watu wa Amerika ya Kilatini, na baadhi ya mikahawa inamilikiwa na Waalbania. Hilo lisikutie shaka. Mpishi hupimwa kwa chungu chake, hapimwi kwa pasipoti.

Soma menyu ukiwa bado nyumbani, maana nyingi zimewekwa mtandaoni. Menyu yenye vyakula mia inaniogopesha, kwa kuwa hakuna jiko linaloweza kupika mia vyote vibichi. Mgahawa unaodai kupika chakula cha Italia yenyewe kwa kawaida hutaja mji au mkoa wake, Roma, Puglia au Sicilia, na tambi huziweka kama sahani ya kwanza, nyama au samaki vikifuata. Tazama pia tambi za carbonara. Ya Roma ni mayai, jibini ya pecorino, shavu la nguruwe lililokaushwa na pilipili manga, basi. Ikitajwa krimu, hiyo si ya Roma, hata kama ni tamu. Aliyekulia Malindi, ambako Waitaliano wamekuwa wakija tangu enzi za kituo chao cha anga cha San Marco, pale Ngomeni, miaka ya 1960, huenda kipimo cha tambi anacho mdomoni tayari: ziwe na ugumu kidogo katikati, zisilainike kama uji.

Kwa Mwislamu, maandalizi makubwa yapo hapa, na nasikitika kwamba wanaowapeleka wageni huyasahau. Kuuliza kama sahani ina nyama ya nguruwe hakutoshi. Madonge ya nyama mara nyingi huchanganya ng'ombe na nguruwe. Mchuzi mzito wa Jumapili hupikwa na soseji ndani. Tambi za kome hutiwa divai nyeupe, na penne alla vodka jina lake linajieleza. Ganda la cannoli, kile kitamutamu kinachojazwa ricotta, kwa desturi hukandwa kwa mafuta ya nguruwe na divai ya Marsala, na mtu hulila akidhani ni biskuti tu. Jibini ya Parmigiano Reggiano nayo hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama, kwa hiyo anayezingatia uchinjaji ajue mapema. Piga simu saa za mchana jiko likiwa limetulia, uulize sahani moja moja. Zilizo rahisi kuagiza ni pasta alla Norma ya Sicilia, yenye biringanya, nyanya na ricotta ya chumvi, au tambi za kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Hata hizo ulizia jibini na mafuta ya kukaangia.

Bei nazo zina mtego. Binamu yangu aliwahi kutajiwa na mhudumu, kwa mdomo tu, "vyakula vya leo", akachagua samaki bila kuuliza bei. Bili ilipokuja, samaki yule peke yake alizidi vyakula vya watu wengine wawili. Uliza, wala usione haya. Juu ya bei iliyoandikwa jijini humu huongezwa kodi ya mauzo ya asilimia 8.875, na bahshishi ya asilimia 18 hadi 20. Wenyeji wengi huizidisha kodi mara mbili, wakapata bahshishi bila kupiga hesabu ndefu. Beba na noti kidogo, na ukiwa na kundi, weka nafasi.

Ile karatasi yenye herufi A, B au C dirishani, iliyoanza 2010, ni ya ukaguzi wa usafi. Haisemi lolote kuhusu ladha.

Kuhusu tarehe, Septemba pana sherehe ya San Gennaro, inayofanyika Mulberry tangu 1926. Nenda kwa ajili ya soseji za barabarani na maandamano ya sanamu ya mtakatifu, lakini usitegemee mlo wa utulivu siku hizo. Ukienda Arthur Avenue fika mchana na ununue kwanza mkate na jibini za kupeleka nyumbani, kwa sababu maduka hufunga mapema kuliko mikahawa, na baadhi hayafungui kabisa Jumapili.