Saa ya mazoezi mkononi: namna ya kuivaa, kuisoma na kuiamini kwa kiasi, kwa wakazi wa Mwanza

Mtu anayetembea kutoka Kirumba hadi katikati ya mji kwa barabara ya chini, na mtu anayepanda njia za mawe kurejea nyumbani kwake Mabatini au Isamilo, wanaweza kuimaliza siku wakiwa na idadi moja ya hatua kwenye saa zao, ilhali moyo wa huyu wa pili umefanya kazi kubwa zaidi. Kwa sababu hiyo ninamshauri kila mkazi wa Mwanza anayevaa saa ya mazoezi ayape mapigo ya moyo nafasi ya kwanza na hatua nafasi ya pili. Wengi hufanya kinyume chake: huangalia hatua tu, wakifika elfu kumi hufurahi, wasipofika hukata tamaa, na baada ya miezi michache saa hubaki kabatini.

Kabla ya kununua

Ni vizuri kuelewa kwanza saa hii inapima nini hasa. Upande wa chini, ule unaogusa ngozi, kuna taa ndogo za kijani. Damu hufyonza mwanga wa kijani, na kila moyo unapopiga damu nyingi zaidi hupita kwenye mishipa ya mkono, hivyo mwanga unaorudi hupungua kidogo. Kihisi hufuatilia mabadiliko hayo na kuyageuza kuwa mapigo kwa dakika. Hatua huhesabiwa na kihisi kingine kinachopima mtikisiko wa mkono. Takribani kila namba nyingine utakayoonyeshwa, iwe kalori, kiwango cha msongo wa mawazo au ubora wa usingizi, ni hesabu ya makadirio iliyojengwa juu ya vipimo hivyo na taarifa ulizojaza mwenyewe.

Kwa mazoezi ya kila siku, saa inayopima mapigo mfululizo, inayokaa na chaji siku kadhaa na yenye programu ya simu inayoeleweka inatosha kabisa. GPS ndani ya saa ni nyongeza nzuri kwa anayekimbia bila simu, lakini humaliza chaji haraka. Jambo la kuogopa ni saa inayouzwa kwa ahadi kwamba inapima sukari ya damu bila kutoboa ngozi. Mwezi Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo dhidi ya saa na pete za aina hiyo, ikieleza kwamba haijaidhinisha hata moja inayopima sukari kwa njia hiyo. Mwenye kisukari anayepanga dozi ya insulini kwa kuangalia saa anahatarisha maisha yake. Presha nayo ipimwe kwa kipimo chenye mkanda unaojaa hewa juu ya kiwiko, na wala si kwa saa ya bei rahisi inayotoa namba ya presha kwa mwanga peke yake.

Kuiandaa na kuivaa

Unapoiunganisha saa na simu kwa Bluetooth, programu itakuuliza umri, jinsia, urefu na uzito. Jaza ukweli, kwa kuwa makadirio yote yataanzia hapo, na uzito urekebishe kila unapobadilika. Chagua mkono usioutumia zaidi: anayeandika kwa mkono wa kulia aivae kushoto, kisha aiarifu programu hivyo. Wakati wa kawaida saa ikae juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono. Wakati wa mazoezi isogeze upana wa vidole viwili kuelekea kwenye kiwiko na uukaze mkanda kiasi cha kutoteleza ukitikisa mkono, lakini usiache alama nzito kwenye ngozi. Saa inayocheza huingiza mwanga wa nje, na hapo ndipo mapigo huruka ghafla kutoka 95 hadi 160 bila sababu. Mchoro wa tatuu chini ya saa huweza kuzuia mwanga, na piko iliyokolea nayo inaweza kusumbua, kwa hiyo anayetoka harusini ahamishie saa mkono wenye sehemu safi.

Jasho la Mwanza halimsamehi mtu. Osha saa na mkanda kwa maji safi baada ya mazoezi, vikauke, na ngozi nayo ikauke kabla ya kuvaa tena. Vipele vingi vinavyodhaniwa kuwa mzio wa mpira hutokana na jasho na sabuni zilizonaswa chini ya saa. Chaji wakati unaoga na kuvaa nguo, ili usiku saa iwe mkononi.

Kuyajua mapigo yako

Kabla ya kuanza programu yoyote ya mazoezi, hakikisha kwanza kama saa yako inasema kweli. Keti kitini dakika tano bila kuzungumza wala kutazama simu. Weka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kwenye kifundo cha mkono usio na saa, upande wa dole gumba, bonyeza taratibu mpaka usikie mshipa ukigonga, kisha hesabu mapigo kwa sekunde 30 na uzidishe mara mbili. Usitumie dole gumba kupimia, kwa kuwa nalo lina mapigo yake. Mapigo uliyohesabu yakitofautiana na ya saa kwa mawili au matatu, hakuna tatizo. Yakitofautiana kwa kumi na zaidi, kaza mkanda, sogeza saa, urudie. Fanya jaribio hilohilo mara baada ya kupanda kilima, kwa sababu saa nyingi ambazo ni sahihi mtu akiwa ameketi hupotea njia mkono unapotikisika sana.

Kisha vaa saa kwa wiki mbili bila kubadilisha chochote katika maisha yako. Lengo ni kupata mapigo yako ya kawaida wakati wa kupumzika, ambayo saa nyingi huyakokotoa kutokana na usiku na vipindi vya utulivu. Kwa mtu mzima mapigo hayo huwa kati ya 60 na 100 kwa dakika, na kwa aliyezoea mazoezi makali huweza kushuka hadi karibu 40 bila kuwa na ugonjwa. Usijilinganishe na jirani. Mwenye mapigo 72 anaweza kuwa na afya njema kuliko mwenye 64. Cha maana ni namba yako wewe inavyokwenda mwezi hadi mwezi. Mazoezi ya kudumu huishusha pole pole, na kwangu hicho ndicho kipimo cha kutia moyo kuliko vyote vinavyotolewa na saa.

Kupanga mazoezi kwa mapigo

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Ili kuutafsiri ushauri huo kwenye saa, toa umri wako kwenye 220 upate makadirio ya upeo wa mapigo yako. Mwenye miaka 45 atapata 175. Mazoezi ya wastani ni asilimia 64 hadi 76 ya upeo huo, yaani mapigo 112 hadi 133 kwake. Mazoezi makali ni asilimia 77 hadi 93, yaani takribani 135 hadi 163. Kanuni hii ni ya makadirio na inaweza kumkosea mtu kwa mapigo kumi au zaidi, kwa hiyo ipime kwa mdomo wako: ukiwa katika kiwango cha wastani unaweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba, na katika kiwango kikali huwezi kusema maneno mengi bila kusita uvute pumzi.

Hapa ndipo vilima vya Mwanza vinapokuwa msaada mkubwa. Anayeanza na atembee kando ya ziwa upande wa Capri Point, asubuhi kabla jua halijawa kali, akiangalia mwendo unaomfikisha kwenye kiwango chake cha wastani na kumweka hapo. Baada ya majuma kadhaa, akiona mwendo uleule haumpandishi tena mapigo, aongeze mwinuko. Kupanda kutoka mjini hadi Bugando kunaweza kumtoa mtu katika kiwango cha wastani na kumwingiza katika kiwango kikali kwa dakika chache, hata kama hatua zake zimepungua kasi. Weka tahadhari ya mapigo kwenye saa, itetemeke ukivuka kikomo chako cha juu. Ikitetemeka, punguza mwendo au simama kwenye kivuli cha jiwe mpaka mapigo yashuke, kisha endelea. Njia ileile, kwa mwendo uleule, kila Jumamosi, ni jaribio zuri la mwili: andika mapigo ya juu kabisa uliyofikia na yalishuka kwa kiasi gani dakika moja baada ya kusimama. Ukiona kilele kinashuka na kurejea kunaharakishwa, moyo wako unaimarika.

Onyo moja ni la lazima. Anayetumia dawa za presha au za moyo za kundi la atenolol, propranolol au bisoprolol asifuate hesabu ya 220 kabisa, kwa sababu dawa hizo huzuia mapigo yasipande, na akilazimisha kufikia namba ya kwenye saa atajiumiza. Huyo atumie kipimo cha mazungumzo na apate ushauri wa daktari wake. Mjamzito naye ajue kwamba mapigo ya kupumzika hupanda katika ujauzito, hivyo asitishike kuona namba tofauti na za zamani.

Hatua, kalori na usingizi

Lengo la hatua elfu kumi lilitokana na tangazo la kipima hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965, si utafiti wa madaktari. Uchambuzi uliounganisha tafiti 15, uliochapishwa mwaka 2022, ulionyesha kwamba faida ya kuishi muda mrefu huongezeka hadi kwenye hatua 6,000 hadi 8,000 kwa siku kwa wenye miaka 60 na zaidi, na hatua 8,000 hadi 10,000 kwa walio chini ya hapo, kisha hutulia. Kasi pia ina maana: hatua 100 kwa dakika ni mwendo wa wastani kwa watu wazima wengi, kwa hiyo nusu saa ya kutembea kwa bidii ni kama hatua 3,000.

Kumbuka kwamba saa huhesabu mkono. Mama aliyeshika beseni la dagaa kichwani kutoka Mwaloni, au kijana anayesukuma mkokoteni, ataandikiwa hatua chache kuliko alizotembea kwa kuwa mkono umetulia, wakati anayefua nguo amekaa kwenye kigoda, au abiria wa bodaboda kwenye njia ya mawe, anaweza kuandikiwa hatua ambazo hakuzipiga. Kazi kama hizo zirekodi kwa muda na kwa mapigo.

Kalori ni eneo ambalo saa hukosea zaidi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2017 ulipima vifaa saba vya mkononi: sita kati yake vilipima mapigo kwa kosa lisilozidi asilimia tano, lakini katika kalori kilicho bora kilikosea kwa wastani wa asilimia 27 na kibaya zaidi kwa asilimia 93. Usiongeze bonge la ugali kwa kuwa saa imekuambia umechoma kalori 600.

Usingizi saa huupima vizuri kwa muda wa kulala na kuamka, na kwa udhaifu katika kugawa usingizi mzito na mwepesi. Wavuvi wa dagaa, ambao hukesha ziwani na taa katika siku za giza na kulala mchana, waangalie kama saa yao inarekodi usingizi wa mchana; nyingine huupuuza, na mtu akaonekana hajalala kabisa.

Kuhusu maji, alama ya 5 ATM inaruhusu kuogelea kwa kawaida, lakini kupiga mbizi hairuhusu. Hata hivyo saa kuvumilia maji ya ziwa si ruhusa kwako kuingia, kwani kichocho bado kipo katika fukwe nyingi za Ziwa Victoria. Anayetaka mazoezi ya kuogelea atafute bwawa linalotunzwa vizuri.

Saa inapoonyesha jambo lisilo la kawaida

Mapigo yako ya kupumzika yakipanda kwa matano hadi kumi na kubaki huko siku mbili au tatu, mwili unasema jambo. Huenda umekunywa maji kidogo, umefanya mazoezi kupita kiasi, hujalala vya kutosha, au homa inakuja. Pumzika, kunywa maji, na kama kuna joto la mwili, kichwa kuuma au baridi, nenda ukapime malaria. Saa haiwezi kuitofautisha na mafua.

Kipimo cha oksijeni kitumie kwa tahadhari zaidi. Vipimo vya mwanga huweza kuonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo kwa watu wenye ngozi nyeusi, jambo ambalo limethibitishwa hata kwa vifaa vya hospitali vinavyobanwa kidoleni. Anayehema kwa shida aende hospitali hata kama saa inaonyesha asilimia 97. Vilevile maumivu ya kifua, kizunguzungu, au moyo kwenda mbio ukiwa umeketi ni sababu ya kusimamisha mazoezi papo hapo na kutafuta msaada, saa iseme isemavyo.

Ukienda kwa daktari, usimpe simu aanze kupekua programu. Andika kwenye karatasi tarehe, saa, mapigo uliyoyaona, ulichokuwa unafanya, ulivyojisikia na dawa unazotumia, kisha ambatanisha picha ya skrini ya mwezi mzima ya mapigo ya kupumzika.