Namna ya kula kwa Wahabeshi hapa Mwanza ukatoka umeshiba

Mimi ni fundi wa mashine za mitumbwi, Kirumba. Kutwa mikono yangu iko kwenye oili na petroli, kwa hiyo nianze na mikono. Kwa Wahabeshi, yaani watu wa Ethiopia, utakula kila kitu kwa mkono wa kulia, na injera, mkate wao mpana kama chapati, hunyonya harufu kama inavyonyonya mchuzi. Watakuletea jagi la maji na sabuni mezani, lakini maji yale ni ya kumalizia tu. Mimi hunawa kabisa kabla sijatoka kazini, kwa sabuni ya unga, kisha nasugua kwa limau mpaka kwenye kucha. Mama muuza dagaa, kijana wa bodaboda, nawe fanya vivyo hivyo.

Mgahawa ninaouzungumzia uko mtaani, kwenye nyumba ya kawaida upande wa Isamilo, mawe makubwa nyuma yake. Naandika kwa sababu nimeona majirani zangu wakienda mara moja, wakaagiza vibaya, wakarudi wakisema wamepewa chapati iliyochacha. Iliniuma. Chakula kile ni kizuri, na kilichoharibu ni namna walivyoagiza.

Injera ni chachu kwa makusudi. Ya asili ni ya unga wa tefu, nafaka ndogo kuliko ulezi, ambayo unga wake hukorogwa na maji ukaachwa uumuke siku mbili tatu, kisha ukamiminwa kwa mzunguko kwenye kikaango kipana. Haigeuzwi. Hupikwa upande mmoja, ikafunikwa, na upande wa juu ukatoka vitundu vingi ambavyo wenyewe huviita macho. Ukiwa umekunywa togwa utotoni, ulimi wako tayari unaujua uchachu ule. Hata kwao Ethiopia wapo wanaochanganya mtama au shayiri, kwa hiyo ukiletewa yenye rangi tofauti na ile ya wiki iliyopita usidhani umepunjwa. Uliza tu leo imechanganywa na nini.

Usiionje ikiwa tupu. Hapo ndipo majirani zangu walipokosea: walimega kipande kikavu, wakatafuna, wakakunja uso. Injera hudai mchuzi. Ni sawa na mtu kuhukumu ugali kabla mboga haijafika.

Nenda na watu. Sinia moja hutosha watatu, na bei uliyoandikiwa huenda ni ya sinia zima, kwa hiyo uliza kabla hujazidisha kwa idadi ya vichwa. Ukienda peke yako watakuhudumia vizuri, ila utaonja vitu viwili ukaacha kumi.

Siku nayo ina maana. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa: hawali nyama, mayai, wala maziwa. Kabla ya Pasaka yao kuna mfungo mkubwa wa siku 55. Ndiyo maana wamekuwa mabingwa wa kupika nafaka na majani mpaka unasahau nyama. Kwa mara ya kwanza nakushauri uende Jumatano au Ijumaa, useme unataka beyainetu. Huo ni mchanganyiko wa vyakula vya mfungo, kila kimoja kikiwekwa fungu lake juu ya injera. Siku hizo ndizo wapishi wanavipika kwa wingi, vikiwa vya moto.

Kwenye fungu moja utakuta misir, adesi nyekundu iliyoiva ikapondeka, yenye berbere, yaani pilipili iliyosagwa pamoja na tangawizi, kitunguu saumu, uwatu, na viungo vingine vingi. Jirani yake ni kik alicha, njegere kavu zilizopasuliwa zenye manjano, pilipili hamna. Kuna gomen, majani kama sukuma wiki. Kuna shiro, unga wa dengu uliokorogwa ukawa mchuzi mzito unaochemka bado ukifika mezani. Shiro ndiyo naipenda kuliko vyote, na ukiniona pale nimeinama, jua ndiyo niliyo nayo mbele yangu.

Ukitaka nyama, anza na tibs, vipande vilivyokaangwa kwa vitunguu na samli. Doro wat ni kuku na yai la kuchemsha kwenye mchuzi mwekundu mzito. Hicho si cha kuagiza ukiwa na njaa tayari, maana vitunguu vyake hupikwa polepole muda mrefu, vingi, mwanzoni bila mafuta, mpaka viwe kama jamu. Piga simu asubuhi. Na hapa Mswahili ana raha yake: saa zao huhesabiwa kama zetu, saa moja ni kunapokucha. Ukimwambia dada mwenye mgahawa utafika saa mbili usiku, hakuna atakayejumlisha wala kutoa sita.

Kitfo ni nyama mbichi ya kusaga iliyochanganywa na samli yenye viungo na mitmita, pilipili kali kuliko berbere. Ukiwa na wasiwasi na nyama mbichi sema leb leb, wataipasha kidogo, au waombe waiivishe kabisa. Hakuna atakayekudharau.

Samaki? Wao humwita asa, nao wana ziwa lao, Tana, ambalo Nile ya Buluu huanzia, kama Nile Nyeupe inavyotokea kwenye ziwa letu kule Jinja, mpaka mito miwili ikakutana Khartoum. Sato wa hapa akipikwa kwa berbere ni mtamu mno. Lakini omba mnofu. Mwiba uliojificha ndani ya injera huuoni wala huusikii kwa vidole, na sangara au sato mzima atakulazimisha uchambue kwa mikono miwili, ukachafua sinia la wenzako.

Sasa kumega. Pembeni utaletewa injera zilizoviringishwa kama kitambaa. Anza na hizo, usianze na ile iliyotandikwa chini. Chana kipande cha nusu ya kiganja. Kiweke juu ya fungu macho yakiangalia chini, bana kwa dole gumba na vidole viwili, vuta kuelekea kwako, na chakula kitakunjika ndani chenyewe. Usikandamize kama tonge la ugali, injera itachanika na vidole vitazama kwenye mchuzi. Kula upande unaokutazama. Kilicho mbele ya mwenzako mwachie, kama tunavyofanya kwenye sinia la pilau harusini. Mwisho kabisa, mafungu yote yamekwisha, inabaki ile ya chini iliyolowa michuzi yote. Usiiache! Ndiyo tamu kuliko zote.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyenionya. Mwaka juzi mama mkwe alikuja kutoka Magu, nikaona nimheshimu kwa kumpeleka pale pamoja na mke wangu. Sisi Wasukuma tumelelewa kwamba mkwe na mama mkwe hawachovyi chombo kimoja. Nalijua hilo tangu utoto, ila siku ile mawazo yangu yalikuwa kwenye chakula. Sinia likaletwa, moja, likawekwa katikati yetu. Mama akalitazama, akaingiza mikono yake chini ya kitenge. Hakusema neno. Mke wangu ndiye aliyeninong'oneza: "Baba Kulwa, mama hawezi kula hapo."

Niliona aibu kubwa. Nikamfuata dada jikoni, nikamweleza kwamba kwetu mkwe huheshimiwa kwa kukaa mbali naye. Alielewa upesi kuliko nilivyotarajia. Akatoa sinia dogo, akatandika injera mpya, akapanga yale yasiyo na pilipili, akawawekea mama na binti yake. Mimi nikasogeza kiti upande wa pili na la kwangu. Baadaye mama akasema, bila kunitazama usoni: "Ahsante, mkwe wangu. Hiki cha njano kinamfaa hata mzee asiye na meno." Kilikuwa kik alicha. Tangu hapo nikienda na wazee au watoto wadogo, ndicho cha kwanza kukiagiza.

Kwa hiyo ukiwa na wakwe, sema mapema mnataka masinia mawili. Na mtahadharishe mwenyeji kuhusu gursha. Gursha ni tonge ambalo mtu humega, akalikunja vizuri, akakulisha mdomoni kwa mkono wake. Ni heshima na upendo, na kulikataa huumiza. Akikulisha rafiki au mwenye nyumba, fungua mdomo vizuri, pokea, kisha nawe umlishe. Mara ya kwanza nilipolishwa na dada yule, siku niliyokuja na kijana wangu wa kazi, yule kijana alicheka akidhani ni mzaha. Kisha akalishwa yeye, akanyamaza. Ana miaka 22, akaniambia njiani kwamba hakumbuki mara ya mwisho mtu kumlisha.

Usikimbilie kuondoka kabla ya kahawa. Hii ndiyo sehemu watu wa Mwanza wanaipoteza kwa haraka ya daladala. Nchi yao ndiyo asili ya mbuni wa arabika, nao kahawa huiita buna. Sisi punje zake twaziita buni. Dada huziosha, akazikaanga mbele yenu kwenye kikaango kidogo juu ya mkaa, kisha akazunguka nazo zikitoa moshi ili kila mtu ajivutie harufu kwa mkono. Ubani unawashwa. Bisi zinaletwa kwenye sahani. Kahawa huchemshwa kwenye jebena, chungu cheusi chenye shingo ndefu, ikamiminwa kutoka juu kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono. Vikombe hivyo wanaviita sini, neno tunalolitumia sisi kwa vyombo vile vile.

Mizunguko ni mitatu kwa buni zile zile: wa kwanza huitwa abol, nayo ni kali; wa pili tona, nyepesi kidogo; na wa tatu huitwa baraka. Sikukosea kuandika, ni baraka. Tenga saa nzima, na kama lazima uwahi, omba ruhusa kabla ya mzunguko wa kwanza, si katikati.

Ukiondoka sema ameseginalehu, yaani ahsante. Hata ukilivunja neno watalipokea kwa furaha.

Injera ikibaki, omba ufungiwe pamoja na mchuzi kidogo, kila kimoja mbali. Asubuhi ichane vipande, uchanganye na ule mchuzi kwenye sufuria juu ya moto mdogo mpaka ilowe. Wao huita firfir. Mimi hubeba yangu kwenye kontena mpaka kazini Mwaloni, nikaila saa mbili, kabla sijafungua mashine ya kwanza.