Somo: Duka la rejareja bei zinapopanda ovyo, mtaji usikatike na nyumbani wasilale njaa

Kila wiki swali ni lile lile: "Nauza vizuri lakini mtaji unakata, tatizo nini?" Naliweka somo hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Hesabu mali yote ya dukani kwa bei ya jumla ya leo. Kila Jumapili usiku inatosha.

2. Laini ya duka ya kupokelea malipo iwe mbali na laini yako.

3. Jilipe posho ya siku isiyobadilika. Unga, mafuta au sabuni inayoingia jikoni ikatwe kwenye posho hiyo na iandikwe siku hiyo hiyo. Mwenzio na watoto wakubwa wajue kiasi chake.

4. Panga bei kwa gharama ya kununua tena, si ile uliyonunulia. Hapa ndipo maduka mengi yanapofia, kwa hiyo soma taratibu. Tuseme mfuko wa sukari wa kilo 50 uliuchukua kwa 130,000, usafiri 2,000. Kilo moja hupotea kwenye kupima, unabaki na 49. Ukiuza 2,800 unapata 137,200, daftari linasema faida ni 5,200. Unarudi kwa muuzaji wa jumla, mfuko umefika 138,000, na usafiri 2,000 uko pale pale. Unatakiwa kuwa na 140,000, una 137,200. Hiyo faida uliyoila haikuwepo. Ukijua bei imepanda, gawa 140,000 kwa 49: kila kilo inakugharimu karibu 2,860. Uza 3,000, robo 750, mfuko ukuletee 147,000.

Tahadhari: mpigie muuzaji wa jumla kabla ya kubadili bei, usifuate uvumi wa sokoni. EWURA, mamlaka ya Tanzania inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei za petroli na dizeli Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Zikipanda, muulize mwenye kirikuu (kigari cha mizigo) nauli ya mzigo siku hiyo hiyo. Na bidhaa yenye bei elekezi ya serikali usiipitishe. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha uvunaji wa miwa, sukari iliadimika na Bodi ya Sukari ikatoa bei elekezi. Wakati kama huo, kama mfuko haukuachii kitu, punguza oda na mtaji upeleke kwenye bidhaa nyingine.

5. Mkopo kwa wateja: siku 7, na kila jina liwe na kikomo. Deni la sukari linalolipwa baada ya mwezi bei ikiwa imepanda halinunui tena sukari ile ile.

6. Weka akiba ya posho ya mwezi mmoja, nje ya duka. Kikoba ni kizuri, lakini hakitoi hela usiku mtoto akiugua.

MASWALI

Mdau wa Mbagala: Mkuu ni ndefu sana, sema tu sukari niuze bei gani?

Jibu: Siijui bei uliyonunulia wala nauli yako. Hatua ya 4, weka namba zako.

Mdau wa Morogoro: Nichukue mkopo kausha damu laki tano nijaze stoo kabla bei haijapanda?

Jibu: Hapana. Kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi ni 150,000. Kwa faida ya 7,000 kwa mfuko (147,000 toa 140,000 ya hatua ya 4), utauza mifuko 22 ili ulipe riba tu.

Mdau wa Iringa: Na bei ikishuka nina mifuko mitatu ya bei ya juu? Hesabu inageuka?

Jibu: Swali zuri sana, dada. Kanuni ni ile ile: fuata bei ya kununua tena, hata ikishuka. Ukishikilia bei ya zamani, wateja wanahamia kwa jirani, na wakifuata sukari wananunua na chumvi, majani ya chai na vocha huko huko. Kubali hasara ya mifuko mitatu, izungushe haraka. Ndiyo maana vitu vinavyopanda na kushuka, kama sukari na vitunguu, usiweke zaidi ya mauzo ya siku kumi. Sabuni na kiberiti unaweza kuweka zaidi.

Mdau wa Mbeya: Mahindi ya nyumbani je? Nikinunua ya mwaka wakati wa mavuno, yanaoza.

Jibu: Yanaoza kwa sababu yanawekwa kabla hayajakauka vizuri. Pima kwanza. Chukua chupa kavu ya kioo, weka mahindi hadi robo yake na kijiko cha chumvi iliyokaushwa vizuri, tikisa dakika moja, acha yatulie. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani.

Mdau wa Mbeya: Yakikauka, niweke dawa?

Jibu: Ukitumia mifuko ya PICS, ile ya kuhifadhi nafaka isiyopitisha hewa, huhitaji dawa. Ina tabaka mbili za nailoni ndani. Funga kila moja peke yake kwa kamba, hewa itoke kwanza. Kagua kama nailoni ina tundu kabla ya kujaza, na usifungue kila siku kuchota: debe la wiki hii likae pembeni.

Mdau wa Mbagala: Nimeweka namba zangu, imekuja 2,910 kwa kilo.

Jibu: Safi. Uza 3,000 kama bei elekezi ya kwenu inaruhusu, na tafuta jirani mchangie kirikuu, nauli ipungue.