Kopo la maua yanayonukia kwa kipupwe cha Dodoma: mambo ya kuzingatia kabla

Mwaka jana nilinunua miche kwanza, pa kuiweka nikatafuta baadaye. Kopo nikaliweka barazani, upande wa kusini wa nyumba, kwa kuwa ndipo tunapokaa jioni. Kufika katikati ya Juni kingo za majani ya petunia zilikuwa zimekauka kama karatasi iliyopitishwa motoni, na harufu sikuipata hata siku moja. Nadhani ilikuwa inakwenda kwa jirani.

Kwa hiyo sasa naanza na upepo. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wetu hutoka zaidi kusini-mashariki, mkavu, tena hauna adabu. Miezi hiyohiyo jua limehamia kaskazini. Saa sita mchana kivuli cha ukuta kinalala upande wa kusini. Basi ukuta unaotazama kaskazini au kaskazini-magharibi ndio wenye jua na kinga kwa pamoja. Tafuta kona ya namna hiyo karibu na dirisha au mlango, nenda jioni uwashe kiberiti. Kikizimika papo hapo, hama.

Halafu maji, maana mvua ikishakatika Aprili au Mei huioni tena mpaka Novemba au Desemba. Kopo litakula ndoo yako siku za mgao pia. Na maji ya visima vingi hapa yana chumvi: baada ya wiki chache utaona ukoko mweupe juu ya udongo, ncha za majani zinaungua. Ukimwagilia kidogo kidogo kila siku unazidi kuilundika hiyo chumvi. Ingiza kidole, udongo ukiwa mkavu mpaka pingili ya pili, mwagia mengi yatokee chini. Maji ya kuoshea mchele yanafaa sana.

Chungu cha udongo kinapendeza, lakini kinapitisha maji ubavuni, na kwa upepo huu kitakuchosha. Mimi natumia ndoo ya rangi ya lita 20, nikaiosha, nikatoboa matundu sita chini kwa msumari wa moto na kufunika kwa kipande cha chandarua chakavu. Kokoto chini hazina kazi yoyote ila kupunguza nafasi ya mizizi. Udongo mwekundu sehemu mbili, mchanga wa korongo sehemu moja, samadi sehemu moja, ila samadi iwe imeoza kweli. Ya zizini moja kwa moja inaunguza. Jaza ndoo ikiwa tayari mahali pake, kwani ikilowa inafika kilo 30 hivi na mgongo ni wako. Juu tandaza maganda ya karanga. Kama unafuga kuku, weka na miiba.

Mimea yenyewe si mingi. Katikati rozimari, haiogopi ukavu. Kuizunguka petunia, na pembeni alisamu, yale maua madogo meupe yenye harufu ya asali. Mrehani upande wa njia, upitapo nguo iuguse. Mnanaa upe kopo lake, una kiu na ni mchoyo wa nafasi. Asumini isubiri joto.

Petunia ukianza na mbegu, sia Machi, maana zinataka kama miezi mitatu. Ukinunua miche, nenda Mei, uchague mifupi yenye matawi, uiache ile iliyokwisha kuchanua yote. Rangi nyekundu mara nyingi hainukii. Nyeupe na zambarau ndizo. Nilikwenda kwa mama mmoja anayeuza miche kando ya barabara, saa tano asubuhi, nikainamia ua la zambarau nikanusa, hamna kitu.

"Shikamoo mama. Hizi mbona hazinukii?"

"Marahaba mwanangu. Saa hizi zimelala. Rudi magharibi."

Nilirudi, nikachukua minne.