Koti la mvua la kumletea mvuvi wa Mwanza

Ukija likizo Mwanza mwezi wa nne au wa kumi na moja, mvua utaikuta. Na kama una mjomba anayekesha ziwani akivua dagaa, koti la mvua la maana litamfaa kuliko simu nyingine. Huko ughaibuni ulipo, litafute kwenye maduka ya wawindaji: makoti yao ni magumu, na msimu wa kuwinda ukishafungwa bei hushuka.

Kwanza rangi. Nguo nyingi za kuwindia zina mabaka ya majani na matope. Hizo ziache hukohuko, hata zikiuzwa nusu bei. Tanzania raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala zinazofanana nazo. Agosti 2023 JWTZ liliwapa wananchi siku 7 wazisalimishe. Usimtie mjomba matatani kwa zawadi. Chukua rangi ya chungwa inayowaka, ile wawindaji wanayovaa ili wasipigwe risasi na wenzao. Aliyeanguka majini akiwa na rangi hiyo huonekana kwa mbali.

Halafu kitambaa, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Utando wa Gore-Tex na jamii yake huzuia tone la maji lakini hupitisha mvuke wa jasho. Mvuke huo hutoka vizuri kama hewa ya nje ni baridi na kavu kuliko ya ndani ya koti. Scotland mwezi wa Novemba, sawa. Igombe, huku Mwanza, mawingu yakiwa yametanda, joto limebana na hewa yenyewe imelowa, jasho litakwenda wapi? Usilipe bei mara tatu kwa ajili ya kazi ambayo utando hautaifanya. Afadhali zipu za kwapani.

Lebo ikisema milimita 10,000, maana yake kitambaa kilihimili uzito wa maji yaliyosimama kimo cha mita 10 kabla ya kuvuja. Kwa koti inatosha. Suruali itafute ya juu zaidi, kwa sababu kukalia ubao uliolowa kunayakandamiza maji yapenye.

Niliwahi kumletea mjomba koti jepesi, zuri kwa macho, lililopakwa poliyurethani, aina ya plastiki, kwa ndani. Alikuwa akirudi alfajiri analikunja bichi na kulisukumia uvunguni. Masika ya pili mpako huo ukaanza kunata, kisha ukabanduka vipandevipande. Joto na unyevu ndivyo vinavyoula mpako ule. Iliniuma, maana nilikuwa nimejinyima kulinunua. Sasa anavaa koti nene la plastiki ya PVC na ovaroli yake: ni zito, linatoa jasho, lakini analifuta kwa kitambaa na kulianika kivulini, basi. Lile jepesi linamfaa mgeni anayekwenda kutembea visiwa vya hifadhi vya Saanane au Rubondo.

Hata ukinunua mtumba pale Mlango Mmoja, ligeuze ndani nje. Kila mshono uwe umefunikwa kwa utepe, hasa mabegani na kwenye kofia. Utepe ukiinuka kwa ukucha, liache. Kisha mwagia maji begani, subiri dakika kadhaa, pitisha kiganja ndani.

Gambuti ziwe kubwa kidogo, zichomoke kwa teke moja mtu akitumbukia. Jaketi la kuokolea maisha huvaliwa juu ya koti, kwa hiyo vipimwe pamoja. Kama pesa haitoshi vyote viwili, nunua jaketi kwanza.