Kuziba gesi inayovuja kwenye AC, na geji inayowazungusha mafundi Dodoma

Kijana aliyehamia huku kutoka Dar es Salaam alinipigia simu akiwa kazini mtaa wa Kisasa, Dodoma: "Kaka, vakyumu inagoma." Yaani pampu haimalizi kunyonya hewa ndani ya mabomba. Alianza saa tatu asubuhi; nilipofika jua lilishahamia ukuta wa pili.

Zima swichi kuu, vaa miwani na glavu. Fungua madirisha, hasa kibandiko cha AC kikisema R32, maana gesi hiyo hushika moto. Iliyobaki ivute kwa mashine hadi kwenye mtungi wake, usizidishe asilimia 80 ya ujazo.

Tafuta panapovuja kwa naitrojeni na povu la sabuni. Tumia regyuleta, panda kidogo kidogo, usivuke presha ya kwenye kibandiko. Oksijeni kamwe! Ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Mara nyingi povu litatokea kwenye nati za fleya (mdomo wa bomba uliotanuliwa ili nati iubane), kwenye mashine ya nje. Kukaza tu ni kujidanganya: kata bomba, piga fleya mpya. Kama ni kuchomea, toa presha yote kwanza. Kisha rudia sabuni.

Sasa vakyumu. Geji ya mshale ya kijana iligota inchi 26 za zebaki (kipimo cha presha), wakati Dar alizoea kuiona ikikaribia 30. Akabadilisha hosi, akabadilisha mafuta ya pampu, akakata fleya mbili zisizo na kosa. Simcheki, mimi niliwahi kuuza pampu nzima kwa sababu hiyohiyo.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Geji ile husoma sifuri kwenye hewa ya mahali ilipo, na hewa ya huku uzito wake ni kama inchi 26 tu. Hizo 30 utazitoa wapi? Ila 26 nayo isikuridhishe, kwa sababu mshale hauwezi kutofautisha maikroni 500 na 5,000 (maikroni ni kipimo kidogo sana cha presha iliyobaki ndani). Nunua geji ya maikroni hata kama itabidi uchelewe kununua drili. Hiyo huanza kwenye utupu kamili, kwa hiyo Dar na Dodoma husoma sawa. Shuka chini ya 500, funga valvu upande wa pampu, subiri dakika 10. Ikipanda kisha ikatulia kwenye elfu moja na kitu, ni unyevu, endelea kuvuta. Ikipanda bila kusimama, panavuja. Kabla hujagusa fleya, kagua hosi zako, hasa raba za mwishoni. Za kijana zilikuwa zimepasuka pia.

Gesi ipimwe kwa mizani, gramu zilezile za kibandiko, na kama ni gesi ya R410A iingie ikiwa kimiminika. Wanaojaza kwa kushikashika bomba kama limepoa, tusibishane.